Majaketi ya Aina Mbili Katika Mashua Moja: Kisa cha Wavuvi wa Kamere, Ziwa Naivasha

Kisa hiki kinahusu mashua moja ya wavuvi watatu katika ufuo wa Kamere, upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru, na swali ambalo mwenye mashua alikuwa ameliahirisha kwa miaka mingi: anunue jaketi gani la kuokoa maisha ambalo watu wake watalivaa tangu wanapoondoka ufuoni mpaka wanaporudi, bila kusukumwa na mtu yeyote. Wakaguzi hawakuwa tatizo lake. Majaketi alikuwa nayo matatu, sawa na idadi ya watu, na kila yalipohesabiwa yalitosha. Tatizo ni kwamba yalikaa kwenye omo, yaani mbele ya mashua, chini ya nyavu, yamegeuzwa mto wa kukalia.

Mashua yenyewe ni ya mbao, ya kupigwa makasia, na kazi yake ni nyavu za kutega tilapia zinazowekwa jioni na kuvutwa alfajiri. Mwenye mashua, ambaye hapa nitamwita mzee kama wanavyomwita wenzake, hukaa tezi, yaani nyuma ya mashua, na kuongoza kwa kafi. Ni mtu mnene, mwenye kilo zaidi ya 90, na anajua kuogelea kwa kiasi cha mtu aliyekulia kando ya maji. Nahodha ndiye mpiga makasia. Ana umbo la wastani, mabega mapana, na huogelea vizuri kuliko wote. Wa tatu ni kijana mwembamba asiyefika kilo 60, aliyekuja Naivasha kutafuta kazi ya mashamba ya maua akaishia kuvuta nyavu, na hajui kuogelea kabisa.

Tukio lililomfanya mzee achukue hatua lilikuwa dogo kwa kipimo cha ziwa hilo. Alfajiri moja, karibu na ukuta wa mafunjo, kiboko aliibuka hatua chache kutoka mashuani, kila mtu akajitupa upande wa pili, mashua ikalala, na kijana akaingia majini. Hapakuwa na kina kirefu. Sehemu kubwa ya Ziwa Naivasha ni ya mita chache tu, lakini mita mbili za maji juu ya tope linalonyonya miguu zinatosha kabisa kumzamisha mtu asiyejua kuogelea, hasa akiwa amevaa sweta, koti la mvua na buti za mpira. Nahodha alimnyoshea kasia, akalishika, akavutwa. Jaketi lake wakati huo lilikuwa chini ya rundo la nyavu mbichi ambalo lingehitaji watu wawili kulihamisha.

Mtu wa nje hukimbilia kusema kwamba wavuvi hawa walikuwa wazembe. Mimi sioni hivyo, na uchambuzi wote unaofuata unasimama juu ya hoja hii: jaketi lisilovaliwa kwa kawaida limechaguliwa vibaya, na limechaguliwa vibaya kwa sababu mnunuzi alitazama chombo na sheria badala ya kutazama kazi ya atakayelivaa. Katika mashua hii kuna kazi tatu tofauti, miili mitatu tofauti, na viwango viwili tofauti vya hatari. Kununua majaketi matatu yanayofanana kulihakikisha kwamba angalau wawili kati ya watatu wangeyavua.

Kwa nini yalivuliwa

Majaketi ya zamani yalikuwa ya aina inayoonekana kwenye feri: vipande vinene vya sponji ngumu kifuani, kola nene nyuma ya shingo, rangi ya machungwa, kamba mbili za kufunga mbele. Aina hiyo ina kazi yake ya heshima. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli, maarufu kwa jina la SOLAS, zinataka jaketi ambalo abiria asiyewahi kulivaa ataweza kulivaa kwa muda mfupi sana, na ambalo litamgeuza aliyezimia uso ukaelekea juu, mdomo ukiwa umeinuka vizuri kutoka majini. Ni vazi la mtu anayeacha meli. Halikuchorwa kwa ajili ya mtu atakayepiga makasia saa nzima, kisha apige magoti, ainame juu ya ukingo wa mashua, na avute nyavu zilizojaa maji na samaki.

Ukilitazama kwa karibu katika kazi hiyo, kasoro zake hazihitaji maelezo marefu. Nahodha akivuta makasia, viwiko vyake hupita karibu na mbavu na mikono hutangulia mbele ya kifua. Sponji nene huisukuma mikono nje, kwa hiyo kila mvuto unakuwa mfupi na mabega hulipa gharama. Kijana akiinamia ukingo, kipande cha kifuani kinagota kwenye ubao kabla mikono yake haijafika kwenye maji, na jaketi zima linapanda mpaka linamshika kidevu. Mzee akikaa, ncha ya chini inagusa mapaja, na tumbo lake linalisukuma jaketi juu kana kwamba linataka kumvua kofia. Baada ya hapo jua linatoka. Kufikia saa nne asubuhi, mtu aliyevaa sponji ya unene huo huku akivuta nyavu ameloa jasho kiasi kwamba kuvua jaketi si uamuzi tena. Ni mkono unaofungua kamba wenyewe.

Kuna kasoro nyingine ambayo wavuvi waliitaja ya mwisho, ingawa mimi ningeiweka ya kwanza. Kamba zile za mbele, zikiwa na mafundo na ncha zinazoning'inia, hunasa kwenye matundu ya nyavu. Kijana alieleza kwamba karibu kila asubuhi alilazimika kusimama katikati ya kuvuta ili ajinasue kifuani. Mvuvi aliyenaswa na wavu wake mwenyewe wakati mashua inalala yuko katika hali mbaya kuliko mvuvi asiye na jaketi lolote, kwa sababu wavu huo umefungwa kwenye mawe chini na maboya juu, na hautamwachia aende upande wowote. Kwa hiyo alipokuwa akilivua jaketi ili avute nyavu, kijana huyu hakuwa anapuuza usalama; alikuwa anapunguza hatari moja kwa kuikubali nyingine.

Mwili unahitaji msaada kiasi gani

Mzee alikwenda mjini akiwa na wazo ambalo wengi wanalo, kwamba mtu mzito anahitaji jaketi lenye nguvu zaidi na mtu mwepesi anaweza kutosheka na dogo. Wazo hili linaelekea kinyume. Mwili wa binadamu karibu uelee wenyewe, na mtu mzima kwa kawaida huhitaji nyongeza ya kilo 3 hadi 5 hivi tu ya nguvu ya kuinua ili kichwa kibaki juu ya maji. Mafuta ya mwilini huelea. Misuli na mifupa huzama. Mzee, pamoja na kilo zake, huenda akahitaji msaada mdogo kuliko yule kijana mwembamba ambaye mwili wake wote ni misuli. Uzito ulioandikwa kwenye lebo ya jaketi hutumika kuchagua saizi ili likae vizuri mwilini, na mzunguko wa kifua una maana kubwa zaidi kwa mtu mwenye tumbo kama mzee.

Nguvu ya kuinua huandikwa kwa nyutoni, na nyutoni 10 ni karibu sawa na kuinua kilo moja. Kiwango cha kimataifa kinachotumika sana, ISO 12402, kina ngazi nne: 50, 100, 150 na 275. Jaketi la ngazi ya 50 ni la mtu anayejua kuogelea, aliye karibu na ufuo au karibu na msaada. Linamsaidia kuelea lakini halikusudiwi kumgeuza aliyepoteza fahamu. La ngazi ya 100 ni la maji yaliyokingika, na limechorwa ili limweke mtu uso juu, ingawa nguo nzito na mawimbi vinaweza kulishinda. La 150 ni la maji ya wazi zaidi, na la 275 ni la mazingira makali na mavazi mazito. Namba hizo ni kwa mtu mzima wa kilo 70 na zaidi. Saizi ndogo za ngazi hiyo hiyo huwa na nguvu pungufu.

Ziwa Naivasha liko wapi katika mpangilio huu? Ni ziwa la ndani, lisilo kubwa, na asubuhi huwa tulivu. Lakini upepo wa mchana huinua mawimbi mafupi yanayofuatana kwa karibu, na maji yakiwa machache mawimbi hayo huwa na hasira kuliko ukubwa wake. Pia msaada haupo kila mara, kwa sababu alfajiri mashua hutawanyika na ukungu hukaa juu ya maji. Juu ya yote kuna viboko, na wao hawatoi onyo la kumwezesha mtu kufukua jaketi chini ya nyavu. Kwa maoni yangu, kwa muogeleaji mzuri anayepiga makasia, ngazi ya 50 inatosha katika ziwa hili. Kwa kijana asiyejua kuogelea haitoshi, hata iwe nyepesi na ya kupendeza namna gani. Hapo ndipo mashua moja ilipohitaji majaketi ya aina mbili.

Mzee hakulipenda wazo hilo. Hoja yake ilikuwa na uzito: majaketi yanayofanana hununuliwa kwa punguzo, na siku ambayo mmoja wao ni mgonjwa, kibarua anayechukuliwa ufuoni atavaa lolote lililopo. Hoja ya kibarua ndiyo ilinifanya nifikiri, kwa sababu inaonyesha hatari ya kumpa mtu mgeni jaketi la ngazi ya 50 kwa kudhani anajua kuogelea. Jibu lililokubaliwa lilikuwa kwamba mtu yeyote asiye wa kila siku atavaa jaketi la ngazi ya 100, bila kuulizwa kama anajua kuogelea au hajui, kwa sababu kijana anayetafuta kazi ya siku hiyo atajibu ndiyo kwa swali lolote.

Jaketi linalojazwa gesi

Muuzaji mmoja mjini alimwonyesha mzee jaketi jembamba kama mkanda wa mabegani, lenye mtungi mdogo wa gesi ya kaboni dayoksaidi ndani yake, ambalo hujijaza lenyewe likiguswa na maji au likivutwa kamba. Mtungi wa gramu 33 hutoa nguvu ya nyutoni 150 hivi, yaani mara tatu ya lile la ngazi ya 50, na mpaka siku ya ajali mvaaji hahisi kama amevaa kitu. Kwa upande wa starehe hakuna linaloshindana nalo, na mzee alikuwa karibu kulipa.

Kwa kazi hii nililipinga, na bado nalipinga. Wavuvi wa Kamere husukuma mashua kwa miguu kupita kwenye magugu na mafunjo, maji yakiwafika kiunoni na mara nyingine kifuani. Jaketi la kujijaza lenyewe lingefumuka asubuhi ya kwanza kabla hata ya wavu wa kwanza, hasa la aina ambayo kifyatuzi chake huyeyuka kikilowa. La kuvuta kwa mkono lingeepuka usumbufu huo, lakini linamtaka kijana asiyejua kuogelea, aliyetumbukia ghafla gizani, akumbuke kamba iko wapi na aivute. Isitoshe, puto la ndani linaweza kutobolewa na ndoano, na miiba ya mgongoni mwa tilapia si rafiki wa kitu chochote kinachoshika hewa. Kila likifumuka linahitaji mtungi mpya, na hata lisipofumuka linataka kukaguliwa kila mwaka na mtu anayejua anachokitazama. Vifaa hivyo hupatikana kwa wanaopeleka watalii, kwa watu wenye fundi wao na bajeti ya akiba. Kwa mashua ya watu watatu, jaketi ambalo mtungi wake umetumika likasubiri mwingine miezi mitatu ni kitambaa tu.

Sponji ngumu isiyonyonya maji, kwa hiyo, ikabaki mshindi. Faida yake kubwa ni kwamba haina hali ya kuwaka na kuzima: ikitobolewa inaelea, ikilowa inaelea. Zamani majaketi yalijazwa sufi, ile ile ya mto na godoro, ambayo huelea vizuri sana mpaka mfuko wake unapopasuka na maji kuingia. Nataja sufi kwa sababu udanganyifu wa siku hizi unafanana na udhaifu ule: yapo majaketi yanayopendeza kwa nje ambayo ndani yake ni sponji laini ya godoro, na sponji hiyo hunywa maji taratibu.

Kilichopimwa

Muuzaji wa pili, mwenye duka la vifaa vya uvuvi, alikubali kutoa majaketi kadhaa kwa majaribio, kwa rehani. Lililofanywa baadaye lilikuwa na thamani kuliko maelezo yote ya dukani.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kuelea. Watu hupenda kufunga jiwe, na jiwe hudanganya: jiwe la kilo 10 likiwa ndani ya maji huvuta kwa kilo 6 na kidogo tu, kwa sababu linasukuma maji mengi. Chuma hupoteza kidogo tu zaidi ya moja ya nane ya uzito wake. Nahodha aliazima chuma cha kilo 5 cha kunyanyua kutoka kwa kijana mmoja wa mazoezi, kikafungwa kwenye kila jaketi, na majaketi yakaachwa usiku kucha katika tangi la plastiki lililokatwa juu. Chuma hicho ndani ya maji huvuta kwa kilo 4 na kidogo, kwa hiyo jaketi la kweli la nyutoni 50 linapaswa kukibeba na kubaki na akiba kidogo. Yote isipokuwa moja yalikibeba mpaka asubuhi. Hilo moja, ambalo lilikuwa rahisi kwa bei na zuri kuliko yote kwa rangi, lilielea jioni na asubuhi lilikuwa limelala chini ya tangi. Muuzaji alilipokea bila kubisha, jambo lililonifanya nishuku kwamba halikuwa la kwanza kurudi.

Kipimo cha pili kilikuwa cha kukaa mwilini. Mvaaji hufunga zipu na mikanda yote, huinua mikono juu, na mwenzake hushika mabegani na kuvuta kuelekea juu kwa nguvu. Jaketi likipanda mpaka masikioni, majini litapanda zaidi, na mtu atajikuta akining'inia ndani yake maji yakiwa mdomoni. Hapa ndipo hali ya hewa ya Naivasha ilipoingilia. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake ina baridi ya kuuma. Wavuvi hutoka na sweta nene na koti la mvua, na kufikia saa tatu au nne wanabaki na fulana. Jaketi lililokaa sawasawa juu ya sweta linalegea baada ya sweta kuvuliwa, na hakuna anayekumbuka kukaza. Tulikubaliana kwamba saizi ichaguliwe juu ya nguo za alfajiri, lakini mikanda ya ubavuni iwe imefika nusu tu ya urefu wake, ili ibaki nafasi ya kutosha ya kukaza jua likitoka. Majaketi ambayo mikanda yake ilikuwa imefika mwisho, kwa kulegezwa au kukazwa, yaliondolewa hapo hapo.

Kijana alipojaribu la ngazi ya 100 mara ya kwanza, alipiga magoti kando ya mashua iliyopandishwa mchangani na kuinama kama anayevuta. Kola ilimsukuma kichwa.

"Mzee, hii ikinishika shingo hivi, nitavuta wavu nikiangalia mbinguni?"

"Basi legeza hapo juu, kijana wangu. Usilivue. Legeza."

Alilegeza mkanda wa juu na kukaza wa kiunoni, na jaketi likashuka sentimita kadhaa. Kilichosaidia zaidi lakini ni kubadilisha umbo. Jaketi la pili la ngazi hiyo hiyo lilikuwa na sponji iliyogawanywa katika vipande vyembamba vilivyoshonwa kimoja kimoja, hivyo lilipinda pale mwili ulipopinda, na sehemu ya mbele iliishia juu ya kiuno. Akiinama, ukingo wa mashua uligusa tumbo lake na si sponji. Zipu yake ilifunikwa na ulimi wa kitambaa, na bizimu zilikuwa ubavuni. Alipitishiwa wavu kifuani mara nyingi, kwa makusudi, na ulinasa mahali pamoja tu: kwenye ncha ya mkanda iliyokuwa ikining'inia. Ncha hiyo ilikunjwa na kushonwa kwa uzi wa kutengenezea nyavu.

Kwa nahodha, lililoamua ni mashimo ya mikono. Alikaa kwenye ubao wake na kupiga makasia hewani, na akachagua lenye mabega membamba na ubavu mtupu usio na sponji, ambako mikanda pekee inaunganisha mbele na nyuma. Ni la ngazi ya 50, na hupendwa na wapiga makasia kwa sababu hiyo hiyo. Mzee alihitaji fupi kuliko yote. Aliyavaa mawili, akakaa, akasimama, na kuchukua lililokatwa juu ya tumbo, la ngazi ya 50 pia. Nilimshauri achukue la 100 kwa sababu ya umri wake na kwa sababu kuogelea kwake ni kwa kumbukumbu zaidi kuliko kwa mazoezi. Hakukubali, na nadhani alikosea.

Kuna mambo ambayo jaribio la dakika kumi haliwezi kuonyesha. Mchubuko ni mmoja wao. Wavuvi wale watatu walikaa alasiri nzima wakitengeneza nyavu chini ya mti wakiwa wamevaa majaketi, huku watoto wakiwacheka, na jioni nahodha alikuwa na mstari mwekundu chini ya kwapa la kushoto. Sababu yake ilikuwa lebo ya plastiki iliyoshonwa ndani, yenye kona kali kama ukucha. Kuikata kabisa kungeondoa maelezo ya saizi na nguvu ambayo mkaguzi huyataka, kwa hiyo kona zilizungushwa kwa mkasi na lebo ikafunikwa na kipande cha kitambaa laini. Bila alasiri ile, jaketi lile lingerudi kwenye omo ndani ya wiki moja, na kila mtu angesema wavuvi ni wakaidi.

Kipimo cha mwisho kilifanyika katika bwawa la kuogelea la hoteli iliyo kando ya Moi South Lake Road, kwa ruhusa ya msimamizi, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili atakayejaribu kuelea kwa starehe katika ziwa lenye viboko. Kila mmoja aliingia na nguo zake za kazi. Kijana aliingia kwa kushikwa mkono, akaachiliwa, na jaketi lilimlaza chali akiwa ametoa macho. Baada ya muda alitulia, akaanza kujisukuma kwa mikono. Kisha wote walijaribu kupanda juu ya ukingo wa bwawa bila ngazi. Hapa jaketi la kijana lilimpa shida kuliko ya wenzake, kwa kuwa sponji ya mbele ilimzuia kujivuta. Alifaulu alipogeuka ubavu na kutanguliza mguu mmoja, na nahodha akaamua kwamba mashua itakuwa na kitanzi cha kamba ubavuni kinachoning'inia karibu na maji, cha kukanyagia. Si kila upungufu wa jaketi hutibiwa na jaketi lingine.

Uamuzi na yaliyobaki

Yalinunuliwa matatu: mawili ya ngazi ya 50 na moja la ngazi ya 100, yote ya rangi ya machungwa au manjano, ingawa mzee alivutiwa na la kijani kibichi kama majani ya mafunjo, ambalo lingemficha vizuri mtu anayetafutwa. Kila jaketi lilifungwa filimbi begani. Kisu kifupi chenye ncha butu, cha kukatia wavu ukimnasa mtu, kiliwekwa katika mfuko mmoja tu wenye kifuniko, kwenye jaketi la kijana, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na nyavu kila wakati. Mifuko mingine ilishonwa ikafungwa.

Matunzo yanaweza kuelezwa kwa ufupi: yasikaliwe, kwa sababu sponji iliyobanwa hupoteza sehemu ya nguvu yake, yaoshwe kwa maji na sabuni kidogo, yaanikwe kivulini, yasiwekwe karibu na petroli, na tarehe ya kununuliwa iandikwe ndani kwa kalamu isiyofutika. Kitambaa kilichopauka na kuchanika kwa kuvutwa na kucha kimekwisha kuliwa na jua, na sponji iliyobonyezwa isirudi imekwisha nguvu.

Jambo moja halijaisha. Jaketi la kijana lina mkanda wa kupita katikati ya miguu, unaozuia jaketi kupanda majini, na ndio unaolifanya lifanye kazi yake kikamilifu kwa mtu mwembamba asiye na nyonga za kulishikilia. Yeye haupendi. Anasema unambana akipiga magoti, na wenzake ufuoni wanamtania. Nahodha anataka ufungwe kila siku. Mzee amekubali ufungwe siku za upepo. Mimi niko upande wa nahodha, lakini nimependekeza kwanza mkanda huo urefushwe kwa sentimita chache na ushonewe kitambaa kipana pale unapopita, kwa sababu malalamiko ya kijana yanahusu magoti zaidi kuliko matani, na magoti yanaweza kurekebishwa.

Majaketi ya zamani nayo yalipitishwa kwenye kipimo cha chuma. Mawili yalielea mpaka asubuhi, yakawekwa kwa ajili ya wageni wanaopanda kuvuka tu, kazi ambayo yanaifaa. La tatu, lililokuwa mto wa kukalia wa mzee kwa miaka yote hiyo, lilizama kabla ya usiku wa manane. Sponji yake ilikatwa vipande, ikafungwa kwenye kamba za juu za nyavu pamoja na maboya mengine.